Chapa Juu ya Chapa: Sarafu za Shaba za Makoloni ya Ufaransa

Wakusanyaji wenzangu,

Anayeanza kukusanya sarafu za shaba za makoloni ya Ufaransa kwa kawaida huulizia kipande kinachong'aa, ilhali katika fungu hili yenye mengi ya kueleza mara nyingi ni ile iliyochakaa na kugongwa chapa mara ya pili.

Zile za 1721 na 1722 zilitengenezwa katika miji ya Ufaransa ya Rouen na La Rochelle, kwa vipande vya shaba vilivyoagizwa kutoka Uswidi, na thamani yake, denier 9 (denier ilikuwa kipimo kidogo cha fedha ya Ufaransa ya zamani), haikuandikwa popote juu yake. Chini ya mwaka tafuteni herufi ya kiwanda: B ni Rouen, H ni La Rochelle. Zilikusudiwa Kanada, lakini wakazi wa huko, ambao mwaka 1685 utawala uliwahi kuwalipa askari wao kwa karata za kuchezea zilizotiwa saini, hawakuzitaka hizi za shaba, na nyingi zilirudishwa Ufaransa mwaka 1726.

Sou ya 1767, sarafu ya denier 12, ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilipigwa Paris, ikiwa na herufi A, kwa jina la Louis XV, ikatumika hasa katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1793, baada ya mfalme Louis XVI kukatwa kichwa, Jamhuri haikuweza kuvumilia maua ya yungiyungi ya kifalme, yaliyochorwa kwenye sarafu hiyo, mikononi mwa watu, wala haikuwa na shaba ya kuchezea. Kwa hiyo huko Guadeloupe, mojawapo ya visiwa hivyo, sarafu zile zile ziligongwa herufi RF (République française, yaani Jamhuri ya Ufaransa) juu ya maua hayo, zikaendelea kununulia bidhaa sokoni.

Mkiletewa yenye RF, msiridhike kwa kuziona herufi tu. Igeuzeni: pigo la kweli husukuma shaba, na kwa kawaida upande wa pili, mkabala na chapa, huonekana pamebonyea au pamelala. Angalieni pia ndani ya mikunjo ya herufi kwa kioo cha kukuzia. Rangi ya kahawia ikiwa imetanda sawasawa kila mahali isipokuwa humo, ambamo shaba bado ni nyekundu, basi chapa hiyo ni changa kuliko sarafu yenyewe, na bei yake ijadiliwe upya. Na kwa sababu hiyo hiyo msizisugue kwa ndimu wala majivu, kwa kuwa rangi hiyo ya kahawia ikishaondoka, ushahidi huo nao umeondoka.