Kuhamisha usajili wa kampuni kutoka California kwenda Texas

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi mliopo hapa mna kampuni za usafi, za malori au za kuhudumia wazee majumbani, na karibu zote mmezisajili kama LLC, yaani kampuni ambayo kwa kawaida madeni yake hayamfuati mwenyewe binafsi. Wanaohamia Texas huniuliza swali moja: nifunge kampuni, nifungue nyingine?

Msifunge kwa haraka. Kampuni ikifungwa, mikataba yake na rekodi yake ya mikopo huenda nayo. California na Texas zote zinaruhusu LLC ibadilishe makao yake ya kisheria huku ikibaki ile ile, na mali zake na madeni yake. Si kila jimbo lina mlango huo. Walio New York hawana, inabidi wapite njia ndefu ya kuunganisha kampuni mbili.

Kazi inaanzia mezani kwenu wenyewe. Wanachama, yaani wenye kampuni, wakubaliane kwa maandishi, wasaini. Kisha tazameni kama jina lenu halijachukuliwa Texas, na hili nawasihi mlifanye mapema, kwani jina likibadilika, benki, bima na wateja wote watataka karatasi mpya. Mtafuteni pia wakala wa usajili, yaani wa kuipokelea kampuni barua za kisheria, mwenye anwani ya mtaa huko. Sanduku la posta halitoshi. Baada ya hapo mnapeleka cheti cha ubadilishaji, pamoja na hati ya kuundwa kwa kampuni, kwa Katibu wa Jimbo mjini Austin. Ada ni dola 300 kwa cheti cha ubadilishaji, na dola 300 nyingine kwa hati ya kuundwa.

Mama hapa mbele anauliza kuhusu namba ya kampuni ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Mama, kwa kawaida LLC iliyohama kwa njia hii, wenyewe wakiwa wale wale, hubaki na namba yake. Anwani mpya mnaipeleka kwa fomu 8822-B.

Sasa kodi, maana ndiyo inayowakimbiza watu. California inadai LLC dola 800 kila mwaka, upate faida usipate. Lakini kama unaishi Oakland na unasafisha ofisi za Oakland, karatasi kukaa Austin hakukuokoi. California inahesabu mahali kazi inapofanyika. Utajiandikisha California kama kampuni ya nje, yaani ya jimbo lingine, utalipa 800 zile zile, na juu yake utawasilisha ripoti ya Texas kila mwaka, hata kama mapato yako hayafiki kikomo cha kutozwa, ambacho kwa ripoti ya 2025 kilikuwa dola milioni 2.47. Hama kampuni pale wewe na kazi yako mnapohama.

Najua mmesikia habari za Tesla, kampuni ya magari ya umeme, kuhamisha usajili kutoka Delaware kwenda Texas, Juni 2024. Ile ilitanguliwa na hukumu ya mahakama ya Delaware iliyobatilisha malipo ya mkuu wake, Elon Musk, na wanahisa wakapiga kura. Kampuni ya mke na mume haina ugomvi wa namna hiyo, kwa hiyo isiwe sababu yenu.

La mwisho, na hapa watu huumia sana: ritani ya kodi ya California, fomu 568. Mwaka mnaoondoka, wekeni alama kwenye kisanduku cha ritani ya mwisho. Msipofanya hivyo, jimbo litaendelea kuwahesabia 800, faini na riba juu yake, nanyi mko Houston hamna habari.