Mtafuteni bakteria asiyekula uzi

Asanteni sana, karibuni tukae. Mwenyekiti amenipangia kazi ya bakteria kwenye nyuzi za pamba, katani na migomba, na amenikumbusha saa. Nitajitahidi. Lakini walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi: kwenye mashimo ya makumbi, Paje na Jambiani.

Naanzia huko kila mara kwa sababu ile kazi inayotuhangaisha maabara, kina mama wa mashariki ya Unguja wanaifanya ufukweni. Maji yakitoka, wanafukia makumbi ya nazi mchangani na kuyakandamiza kwa mawe ili maji yakijaa yasielee. Yanakaa humo miezi. Mama akihisi wakati umefika, anafukua kumbi moja, analibonyeza kwa kidole gumba. Ganda la nje likibanduka bila kushindana naye, anayatoa yote. Likigoma, analirudisha. Matope ni meusi, na harufu ni ya yai viza. Kisha anaweka kumbi juu ya jiwe, anapiga kwa mti, anageuza, anapiga tena, na usumba unaachana uzi kwa uzi. Anaukausha, anausokota kamba.

Sasa nisikilizeni hapa. Ule usumba umetoka mzima. Umelala miezi ndani ya matope yaliyojaa bakteria wenye njaa, na hawakuula. Walikula nini, basi?

Walikula gundi. Uzi wa mmea kwa sehemu kubwa ni selulosi, na katika usumba kuna lignini nyingi pia, ile inayoupa mti ugumu, ndiyo maana kamba yake inavumilia bahari. Kinachozishikamanisha nyuzi ni pektini na jamaa zake. Ni nyumba ya fito na udongo: tunataka udongo uanguke, fito zibaki. Bakteria wa shimoni hutoa pektinasi, kimeng'enya kinachokata pektini. Kipo kimeng'enya kingine, selulasi, na hicho kinakata fito zenyewe.

Nimelisema hili mpaka sauti imenikauka. Kila mwaka mwanafunzi ananijia amefurahi: "Mwalimu, nimempata bakteria mkali, anakula kila kitu!" Mwanangu, huyo mpeleke kwenye mboji. Mtengeneza nguo anamtaka yule anayemaliza pektini halafu anakoma. Ukali wake unapimwa kwa kile anachokiacha.

Kama mnaona natia chumvi, tazameni kitani cha Normandie, Ufaransa. Hulazwa shambani kwenye umande, na kazi kubwa hufanywa na kuvu. Kuvu hao wana selulasi. Mvua zikizidi au mkulima akichelewa kukikusanya, wanahamia kwenye uzi, na uzi unakatika mkononi. Sasa nendeni Barrackpore, Bengali Magharibi. Taasisi ya serikali ya India inayoshughulikia juti, mmea wa nyuzi za magunia, imetengeneza unga uitwao CRIJAF Sona: aina tatu za bakteria aitwaye Bacillus pumilus ndani ya unga wa talki. Mkulima anaunyunyiza juu ya mashina ya juti yaliyolowekwa. Kazi ya kama wiki 3 inakwisha kwa siku 12 hadi 15, na uzi unatoka bora zaidi. Waliwachagua bakteria gani? Wanaotoa kwa wingi pektinasi na zailanasi, kinachokata jamaa za pektini, na selulasi hawatoi. Na Kerala, Bodi ya Usumba ya India ina mchanganyiko wake wa bakteria kwa ajili ya makumbi, unaitwa Coirret. Kwetu ufukwe umejaa hoteli, kina mama wengi wamehamia kwenye mwani, na kila shimo linaloachwa linaondoka na bakteria waliochujwa humo kizazi baada ya kizazi na watu waliokuwa wanataka uzi mzima. Hilo linaniuma.

Naona mkono pale nyuma, na swali nalijua: "Unataka turudi kwenye mashimo?" Hapana. Kuloweka ovyo kunaharibu maji. Vidimbwi vya Kerala vilikosa hewa na samaki wakafa kwa sababu ya makumbi. Mto Lys kule Kortrijk, Ubelgiji, ulisifika kwa kitani na ulinuka kwa kitani. Ninachotaka ni kumtoa bakteria shimoni, kumkuza kwenye tangi, kuchuja kimeng'enya chake na kukitumia ndani ya kiwanda, ambako maji machafu yana njia yake.

"Je, magonjwa?" Sabuni ya unga mnayofulia nyumbani mara nyingi ina vimeng'enya vya Bacillus. Kimeng'enya ni protini tu. Hakizaliani, na ukikichemsha kinakufa nguvu.

"Ni ghali." Haya, tuje kwenye pamba. Viwanda vimetumia amilasi ya bakteria kuondoa wanga kwenye nyuzi za mtande kwa miaka karibu 100 sasa, hakuna anayelalamika. Hatua inayofuata ndiyo tunayoing'ang'ania: kuchemsha kitambaa ndani ya kostiki, yaani magadi makali, karibu na nyuzi joto 100, kisha kusuuza, kutia asidi, kusuuza tena. Pektinasi ya Bacillus inafanya kazi kwenye nyuzi joto 50 au 60 hivi, kwa magadi hafifu, na kitambaa hakipotezi nguvu. Pigeni hesabu ya kuni, maji na kostiki pamoja, msiangalie bei ya chupa peke yake. Nta itahitaji sabuni, na weupe bado utahitaji dawa yake. Hayo nayakubali.

Katani, kwa kifupi, maana saa imekwisha: jani ni bichi na nene, mashine ya korona inalikwangua, na kwa kamba na magunia inatosha. Kimeng'enya kinaingia pale tunapotaka katani laini ya kufuma. Migomba ya Kagera na Uganda nitaiacha. Mkungu ukikatwa shina linabaki bure, hilo mnalijua.

La mwisho ni kazi. Atakayekwenda kuchukua matope aanze kwa sheha na kwa mwenye shimo, aandike jina la mahali na kukubaliana mapema juu ya faida. Tanzania iko ndani ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa mataifa wa kugawana faida inayotokana na viumbe, na mama wa Jambiani ana haki yake. Chukueni matope yaliyogusana na kumbi, jazeni chupa hadi mdomoni hewa isibaki. Maabara, kila bakteria apandwe kwenye sahani mbili, moja ya pektini na moja ya selulosi. Ya selulosi mwagieni rangi nyekundu ya Kongo, palipoliwa patapauka. Anayefungua duara kwenye pektini na kuiacha selulosi nyekundu yote, mwekeni kwenye jokofu na mnipigie simu siku hiyo hiyo.