Mpagazi Naye Ana Jina

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmeshanisikia nikiizungumzia Sanamu ya Askari ya hapa Dar es Salaam, kwa hiyo sitarudia jinsi ilivyosimamishwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Leo naanzia Cape Town, kwa sababu huko hoja yangu, kwamba wapagazi waliolibebea jeshi mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wakafa wakumbukwe kwa majina yao, imepata ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Katika Company's Garden, bustani ya katikati ya jiji lile, kuna mnara wa zamani wa Delville Wood, unaowakumbuka wanajeshi wa Afrika Kusini waliopigana Ufaransa mwaka 1916. Watu weusi waliolitumikia jeshi hilohilo kwa kazi za mikono, wakafia humu barani, baadhi yao katika vita vya Afrika Mashariki, hawakuwa na chochote. Januari 2025 ndipo ukumbusho wao ulipozinduliwa katika bustani hiyohiyo. Hakuna jemadari wala farasi. Kuna nguzo za mvule zaidi ya 1,700, na kila nguzo ina jina la mtu mmoja na tarehe aliyofariki. Nguzo moja, mtu mmoja! Mjukuu anaweza kwenda akaigusa ya babu yake. Na majina hayo hayakuokotwa njiani, bali yalikuwamo katika kumbukumbu za jeshi lenyewe miaka yote hiyo.

Yuko atakayeniambia kwamba majina ya wapagazi wetu yamekwisha kupotea. Sikubali. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi upande wa Waingereza, aliwaandikisha watu wake kwa namba, na baada ya vita mishahara ya marehemu isiyolipwa ilipigiwa hesabu. Unapigaje hesabu ya deni la mtu ambaye hukumwandika popote? Kilichokosekana ni nia. Horace Byatt, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi hapa Dar es Salaam yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mwingine husema: hao walimbebea mkoloni mizigo, tuwaenzi kwa lipi? Swali hilo hunikera kila ninapolisikia. Inzi wa ndorobo walikuwa wakiwamaliza wanyama wa mizigo, ndipo unga na risasi vikapandishwa vichwani mwa watu. Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 wakazolewa kwa maelfu. Kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Mtu wa namna hiyo hakuchagua bendera. Sidai apewe nishani, nadai aandikwe.

Maandishi ya sanamu yetu yanawataja wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Abaki, nataka majina yaongezwe. Kuhusu wapagazi wa upande wa Wajerumani na mitaala ya shule, muda umeniishia. Kuna daftari mlangoni: mwenye babu aliyekwenda upagazi asirudi, aandike jina lake na kijiji chake kabla ya kutoka.