Gari za Kimarekani za kasi: angalia pesa imelala wapi

Habari zenu wadau, wakubwa zangu shikamooni. Leo nawarekodia kutoka Bowling Green, Kentucky, mji ninaoishi. Hilo jengo refu mnaloliona nyuma yangu ni kiwanda cha Corvette, gari ya kasi ya kampuni ya Chevrolet. Corvette zinatengenezwa hapo tangu 1981. Mji wenyewe umejaa Wakongomani waliohamishiwa hapa kama wakimbizi, kwa hiyo unaweza kuwa kwenye foleni ya duka unasikia Kiswahili cha Kivu, ukitoka nje inakupita gari ya mamia ya nguvu farasi inanguruma mpaka simu inatetemeka mfukoni.

Swali mnalonitumia sana ni hili: hivi hizi gari za Kimarekani zina lolote zaidi ya kelele na kwenda moja kwa moja? Kona si zinawashinda? Nitalijibu, ila nianze na bei, maana ukishaielewa bei umeielewa gari yenyewe.

Corvette ya sasa, wanayoiita C8, iliingia sokoni kama modeli ya 2020 kwa bei ya kuanzia chini ya dola 60,000. Hapo ulikuwa unapewa injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kama herufi V) ya lita 6.2, nguvu farasi 490, injini imekaa nyuma ya mgongo wako, na kutoka kusimama mpaka kilomita 97 kwa saa ni karibu sekunde 3. Porsche 911 ya mwaka huohuo ilikuwa inaanzia karibu dola laki moja, na ile ya chini kabisa haikufika hata farasi 400. Sasa Mmarekani amepunguzia wapi gharama?

Sehemu ya jibu iko ndani ya injini. Sisi tuliokulia kwenye Toyota tumezoea injini yenye kamshafti, ule mhimili unaozunguka na kufungua vali, kule juu ya vali. Chevrolet wameweka moja tu, chini, katikati ya ile V, na inasukuma vyuma virefu vinavyokwenda kufungua vali, mbili kwa kila silinda. Mpango huo wanao tangu 1955. Wazungu wa Ulaya wanaucheka, lakini faida yake ni kubwa: vipuri vichache, injini fupi inayokaa chini, na nguvu inakuja mapema bila kusubiri tabo ijaze upepo. Na kwenye barabara kuu inazima silinda nne. C8 ile ya 2020 ilipimwa maili 27 kwa galoni safari ndefu, yaani kama kilomita 11 na nusu kwa lita. Mjini hadithi nyingine: kilomita 6 na kidogo. Foleni ya Ubungo ingekumaliza.

Na wasikudanganye kwamba hawajui kutengeneza injini ya kisasa. Corvette Z06, toleo lenye nguvu zaidi, ina V8 ya lita 5.5, kamshafti nne juu, inazunguka mpaka mara 8,600 kwa dakika, inatoa farasi 670 bila tabo wala supachaja. Injini hiyo inafungwa kwa mkono na fundi mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, humohumo kiwandani nyuma yangu.

Haya, kona. Hapa ndipo watu wengi wamebaki na mawazo ya zamani. Kuna shokapu ambazo ndani yake kuna mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma. Ukipitisha umeme, zile chembe zinajipanga na mafuta yanakuwa mazito kama uji, umeme ukikatika yanarudi kuwa mepesi. Yote hayo yanatokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kila tairi peke yake, gari ikiwa inatembea. Ya kwanza kuuzwa nazo ilikuwa Cadillac Seville, modeli ya 2002. Gari ya wazee! Baadaye Ferrari nao wakaichukua teknolojia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia Mmarekani hajui kusimamisha gari kwenye kona, muulize Ferrari walikwenda kununua nini.

Na kama hilo halitoshi, twende Nürburgring, Ujerumani, kilomita 20 na ushee za kona na vilima, uwanja wa nyumbani wa Porsche. 2024 Ford walipeleka Mustang GTD ikazunguka chini ya dakika 7. 2025 Chevrolet wakapeleka Corvette ZR1X, dakika 6 na sekunde 49, na kwenye usukani alikuwa mhandisi wao wa kazi, wala si dereva wa mashindano aliyekodiwa. Hiyo hoja ya moja kwa moja tuizike.

Ila sasa. Fungua mlango.

Pesa imelala kwenye injini na miguu, na ukikaa ndani unaona ilikotolewa. Ile C8 ya mwanzo ina ukuta mrefu wa vitufe vya kiyoyozi kati ya dereva na abiria, vimepangwa foleni kutoka kwenye dashibodi mpaka karibu na kiwiko. Unatafuta kupunguza baridi, macho yametoka barabarani. Walisikia malalamiko, modeli ya 2026 wakaubomoa. Chevrolet Camaro, Mungu airehemu maana uzalishaji wake umeshafungwa, ilikuwa na madirisha membamba kiasi kwamba kurudi nyuma ilikuwa kazi ya kuamini Mungu na kamera. Mustang nayo 2017 Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, waliipa nyota 2 kati ya 5, moja ya sababu ikiwa ulinzi wa abiria wa nyuma. Waliongeza vifaa, ikapanda hadi 3.

Uzito ndio ugonjwa mkubwa zaidi. Dodge Challenger Hellcat ilikuwa na farasi 707 ilipoanza, lakini ni zaidi ya tani mbili, na ukifika kwenye kona baada ya kukanyaga mafuta, tani mbili hizo ni za breki na tairi kubeba. Dodge Charger mpya ya umeme, Daytona, imefika tani 2.6, na mngurumo wake unatoka kwenye spika. Mimi hapo nimeshindwa kuvumilia. Kama imenyamaza, iacheni inyamaze.

Hellcat ilikuwa na balaa lingine, wezi. 2023 taasisi ya takwimu za bima, HLDI, ilitoa ripoti kwamba madai ya wizi wa Charger Hellcat ni zaidi ya mara 60 ya gari ya kawaida. Dodge walikuwa wameshaongeza ulinzi wa namba ya siri: ukikosea namba, injini inabaki na chini ya farasi 3. Bajaji inakupita.

Tairi sasa. Njoo karibu na hii Z06 iliyoegeshwa hapa. Tairi la nyuma upana wake milimita 345, nimelipima kwa shubiri, moja na nusu na bado. Ni tairi la joto. Baridi ikishuka sana chini ya sifuri, kampuni za tairi zenyewe zinaonya kwamba mpira unaweza kupata nyufa ukiendeshwa. Kentucky ina baridi miezi kadhaa, kwa hiyo gari inalala gereji, bima inaendelea kukatwa.

Na bei niliyowatajia ni ya kwenye karatasi. Muuzaji mmoja, simtaji, aliniandikia maelfu ya dola juu ya bei ya kiwanda na kuyaita marekebisho ya soko. Nikamuaga.

Mnaotaka kuagiza nyumbani: Kenya gari ya usukani wa kushoto haisajiliwi kwa matumizi ya kawaida, na isizidi miaka 8. Hapo ninayoipenda kuliko zote, Cadillac CT5-V Blackwing, milango minne, farasi 668, gia sita za mkono na klachi, imeshaondoka, maana haitengenezwi kwa usukani wa kulia. Corvette ya kulia ipo kuanzia C8, ila haina gia ya mkono kabisa. Inabaki Mustang GT. Tafuta Uingereza, wanaiuza ya kulia tangu 2015, kwa sababu Ford waliondoka Japani 2016 na nyingi za huko ni za kushoto. Chukua ya lita 5.0, gia ya mkono, na kabla hujatuma hela uliza bei ya tairi mbili za nyuma na nani mjini kwako anazo.