Recv Moja Haitoshi: Kuunganisha Programu ya Python na Seva

Hamjambo, vijana wangu. Nawashukuru kwa kuja, hasa mliosafiri kutoka Maseno na Ahero. Jioni hii hapa Kisumu tutafungua muunganisho mmoja tu:

s = socket.create_connection(("example.com", 80), timeout=5)

Nyuma ya mstari huo kuna shughuli. Jina linatafutiwa anwani yake ya namba, kisha kompyuta yako inatuma SYN (ujumbe mfupi wa kuomba kuunganishwa) kwenye poti 80, mlango wa seva ya wavuti; seva inajibu SYN-ACK (nimekubali), nawe unamaliza kwa ACK (nimepokea). Hiyo s ni soketi, yaani ncha ya muunganisho ambayo programu hutumia kutuma na kupokea. Mpango huu wa soketi ulisambazwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, na Python imeurithi karibu ulivyo.

Hiyo timeout=5 msiiache kamwe. Mtu yumo kwenye matatu, mtandao umepotea njiani, na programu isiyo na kikomo cha kusubiri inaganda tu bila kumwambia lolote. Kumheshimu mtumiaji ni pamoja na kumpa jibu, hata likiwa la kushindwa.

Sasa tunatuma ombi kwa HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti:

s.sendall(b"GET / HTTP/1.0\r\nHost: example.com\r\n\r\n")

Ni sendall, si send, kwa sababu send ina ruhusa ya kupeleka sehemu tu ya ulichompa. Na hiyo b mbele inaonyesha kwamba tunapeleka baiti, yaani data ghafi. Maandishi ya kawaida yageuzwe kwanza kwa encode().

Kwenye kupokea ndipo nataka tukae. Wengi huandika s.recv(4096), yaani pokea, mara moja tu, wakaamini jibu lote limefika. Kwenye kompyuta yako mwenyewe huenda likafika lote, ndiyo maana kosa hili hujificha hadi programu iko mikononi mwa watu. TCP, kanuni zinazoendesha muunganisho wetu, hupeleka mkondo wa baiti kwa mpangilio, lakini haijui ujumbe wako unaishia wapi. Mwaga magorogoro (mikebe ya kupimia) mawili ya mahindi kwenye gunia moja pale soko la Kibuye, uone kama kuna atakayeyatenganisha. Ile 4096 ni kiwango cha juu tu. Unaweza kupata 1,460, au 12.

Basi someni kwa kitanzi cha while, kinachorudia kazi, mkikusanya kila kipande, mpaka recv irudishe b"", yaani seva imefunga upande wake. Kwa HTTP/1.0 hiyo inatosha, maana seva hufunga ikishamaliza. Muunganisho ukibaki wazi, lazima pande zote mbili zikubaliane: ama urefu utangulie, ama kuwe na alama ya mwisho.

Haya, badilisheni 4096 iwe 10, mwendeshe tena. Matokeo yakitofautiana na ya mwanzo, niiteni tuangalie hiyo while pamoja.