"Lakini Anakula": Mhadhara Kuhusu Kinywa cha Paka wa Nyumbani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Wale waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, nami sitawazungusha. Nimekuja kuzungumza tena juu ya jibu moja ambalo nalisikia karibu kila ninapomweka paka mezani na kumfunua mdomo. Namwonyesha mwenye paka ufizi uliovimba na kuwa mwekundu, namwonyesha jino ambalo nusu yake haipo, naye ananijibu kwa utulivu kabisa: "Lakini daktari, anakula." Jibu hilo limewaacha paka wengi wakiishi na maumivu kwa miaka, na ningependa tuliondoe vichwani mwetu kabla hatujagusia mswaki, dawa au jambo jingine lolote.

Paka hula kwa sababu asipokula atakufa. Mnyama huyu ni mwindaji, lakini kwa umbo lake dogo yeye mwenyewe huwindwa na wakubwa wake, na kiumbe wa namna hiyo hafaidiki kwa kuonyesha unyonge hadharani. Ndiyo maana halilii jino linalomuuma. Mbwa mwenye maumivu mara nyingi atakujia, atakutazama, atakulalamikia. Paka ataingia chini ya kitanda, na njaa ikimzidi atatoka, atakula, kisha atarudi alikokuwa. Wewe uliyemwona kwenye sahani utasema mzima.

Tuutazame pia mdomo wenyewe. Paka mzima ana meno 30: 16 juu na 14 chini. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoumbwa kwa kusaga chakula kama magego yetu. Chonge zake nne ni za kukamata na kuua, na meno yake ya nyuma hupishana ili kukata nyama vipande vinavyoweza kumezwa. Ukimpa dagaa waliochemshwa, au samaki uliyemchambua na kumchanganya na wali, hakuna kitu cha kukatwa hapo. Atameza. Wako paka tuliowang'oa meno yote kwa sababu ya ugonjwa, na baada ya vidonda kupona wakala vizuri na kunenepa kuliko walivyokuwa awali. Basi niambieni: ikiwa paka asiye na jino hata moja anaweza kula akashiba, kula kwa paka wako kunakuthibitishia nini kuhusu meno yake? Hakuthibitishi chochote. Nimeitoa hoja hii mara nyingi na nitaendelea kuitoa, kwa sababu bado naletewa paka ambao ugonjwa wao ulionekana wazi kwa yeyote ambaye angefunua mdomo mwaka mmoja au miwili kabla.

Swali la kujiuliza ni namna anavyokula. Je, anainamisha kichwa upande mmoja na kutumia upande huo tu? Anachukua kipande, kinamdondoka, anakichukua tena? Anaikimbilia sahani kwa hamu, anaonja, kisha anaruka nyuma au anafoka kana kwamba chakula ndicho kilichomuuma? Taya lake la chini linatetemeka anapokula au anapopiga miayo? Anadondosha udenda, hasa wenye damu? Ameacha kujilamba, hata manyoya ya mgongoni yakashikamana na kuwa machafu? Hili la manyoya watu hulipita kwa kudhani kuwa ni uzee au uvivu, ilhali paka hujisafisha kwa ulimi na meno, na mdomo ukiuma kazi hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa. Na harufu, jamani, harufu. Kinywa cha paka mwenye afya kinaweza kunuka samaki aliyemla muda huo, lakini hakinuki uozo, na mtu asiniambie kwamba ndivyo paka wote walivyo.

Najua pingamizi linalofuata, kwa sababu halikosekani katika mkutano wowote: simba hapigi mswaki. Chui hana daktari wa meno. Mungu amewaumba hivyo, kwa nini tujitie katika mambo yasiyotuhusu? Pingamizi hili nalijibu kwa kirefu, na sisi watu wa Mombasa ndio tunaopaswa kulijibu kuliko wote, maana jibu lake liko Tsavo.

Mwaka 1898, Waingereza walipokuwa wakijenga reli kutoka hapa kuelekea Ziwa Viktoria, simba wawili madume waliwavamia na kuwala wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo. Kisa mnakijua. Aliyesimamia ujenzi huo, John Henry Patterson, aliwapiga risasi wote wawili mwezi wa Desemba, akazitumia ngozi zao kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha akaziuza pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field lililoko Chicago, ambako vimehifadhiwa hadi leo. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ile ya mdomoni. Wanasayansi walipoyachunguza mafuvu hayo walikuta kwamba mmoja wa simba hao alikuwa na chonge ya chini iliyovunjika hadi sehemu ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu ikabaki wazi, na kwenye ncha ya mzizi wake palikuwa na jipu lililoula mfupa wa taya. Baadhi ya meno yake ya mbele hayakuwepo. Hayo hayakuwa majeraha ya juzi; yalikuwa maradhi aliyoishi nayo kwa muda mrefu.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima kemikali zilizobaki katika mifupa na manyoya ya simba hao ili kukadiria walikula nini, na makadirio yakaonyesha kwamba simba huyo mwenye jino bovu alikula watu wengi kuliko mwenzake. Mwaka 2017 wengine wakachunguza mikwaruzo midogo iliyo juu ya meno yao, wakaona kwamba hawakuwa na desturi ya kutafuna mifupa migumu. Nakubali kwamba yako maelezo mengine yanayotolewa, yakiwemo sotoka iliyowamaliza ng'ombe na nyati wa nchi hizi miaka ile, na sidai kwamba jino peke yake lilisababisha maafa yote. Ninachodai ni kidogo na hakina ubishi: simba wa porini, aliyekula mawindo mabichi maisha yake yote, alipata jipu la jino kama apatavyo paka wa Majengo au wa Kisauni. Umbile halikumkinga. Na jambo la pili, ambalo naomba mlishike sana: simba yule alikuwa anakula. Mdomo wake ulikuwa umeoza hadi mfupani, naye anakula. Angekuwa na mwenyewe, mwenyewe huyo angeniambia kwamba hana neno.

Tuje kwenye maradhi yenyewe. Ugonjwa wa fizi huanza kwa utando laini wa bakteria, yaani ukoga, unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, ndani ya siku chache huanza kushika madini ya mate na kuwa mgumu, ukawa yale magamba ya rangi ya kahawia mnayoyaona kwenye meno ya nyuma. Ufizi ukiwa umevimba tu, hali hiyo inaweza kurudi kuwa nzuri kabisa. Maambukizi yakishuka chini ya ufizi na kuanza kula mfupa unaoshikilia jino, kilicholiwa hakirudi, na kazi yetu inabaki kuzuia kisiendelee au kung'oa.

Ugonjwa wa pili ni wa jino kujila lenyewe. Wanadamu wenye kula sukari hutobolewa meno na asidi ya bakteria. Paka hapati matundu ya namna hiyo. Kwake seli za mwili wake mwenyewe hushambulia jino, mara nyingi zikianzia kwenye mzizi, na chanzo hasa cha jambo hilo bado hakijathibitishwa. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa paka watu wazima, na huongezeka kadiri umri unavyosogea. Jino linaweza kuonekana zima juu ya ufizi huku mizizi imekwisha, kama boriti iliyoliwa na mchwa chini ya rangi mpya. Shimo likifika usawa wa ufizi, ukiligusa hata paka aliyelazwa kwa nusu kaputi atatetemesha taya. Jino kama hilo halizibwi, huondolewa. Namna ya kuliondoa inategemea hali ya mizizi, na mizizi haionekani kwa macho, kwa hiyo ni lazima ipigwe picha ya eksirei ya meno. Mkimpeleka paka kung'olewa meno, ulizeni kama picha itapigwa. Msione haya kuuliza.

Hapa ndipo watu huogopa nusu kaputi, na hofu hiyo naiheshimu kwa sababu hatari ipo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba, kwa paka wasio na maradhi mengine, takriban mmoja kati ya 900 hufa kwa sababu zinazohusiana na dawa za usingizi au utulivu. Ndiyo maana tunapima damu kabla, tunamwekea mrija wa hewa, na kumsimamia mpaka aamke. Lakini pima hatari hiyo kwa mizani pamoja na ile ya kumwacha na usaha taya zima kwa miaka mitano. Wapo wanaojitolea kumkwangua paka meno akiwa macho, ameshikiliwa na watu wawili. Kazi hiyo hung'arisha kile kinachoonekana, huku ugonjwa ulio chini ya ufizi ukibaki pale pale, na paka anajifunza kwamba mkono wa mtu mdomoni mwake ni adhabu. Siikubali.

Sasa nasema jambo ambalo nataka kila mmoja aondoke nalo hata kama atasahau mengine yote. Usimpe paka parasetamoli. Usimpe nusu, usimpe robo, usimsagie kwenye maziwa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Sumu hubaki, huharibu damu isiweze kubeba oksijeni, fizi zikageuka rangi ya matope, uso na nyayo zikavimba, pumzi ikamwia nzito. Anayempa huwa amempa kwa huruma, amemwona paka anateseka na jino, akafungua kabati la dawa za nyumbani. Vivyo hivyo ibuprofeni na diklofenaki. Ikiwa amekwisha kumeza, usingoje dalili: mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo, kwa maana iko dawa ya kumsaidia na manufaa yake hupungua kila saa inayopita.

Na karafuu. Sisi watu wa pwani mafuta ya karafuu ndiyo dawa ya jino tuliyorithi, na kwa mtu yanatuliza kweli. Kwa paka ni hatari kwa sababu ile ile ya ini: kemikali kuu iliyomo, eujenoli, ni miongoni mwa zile ambazo mwili wake huziondoa kwa shida. Msimpake kwenye ufizi. Wala dawa yetu ya meno isitumike, kwa kuwa paka hajui kutema. Floraidi na povu vyote huishia tumboni.

Mswaki nitausema kwa haraka, kwani saa imekwenda. Tumia mswaki mdogo laini wa mtoto, au kitambaa kilichozungushiwa kidole, pamoja na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Ukikosa dawa hiyo, maji yatosha. Anza akiwa mdogo kwa kumzoesha kuguswa midomo tu, ukizingatia kwamba kati ya miezi mitatu na sita hivi anabadilisha meno na fizi zinamuuma. Usimfunue mdomo kwa nguvu: inua mdomo wa juu pembeni, usugue upande wa nje wa meno ya nyuma, kwa sekunde chache, kila siku. Mara moja kwa wiki haisaidii sana, kwa sababu ukoga haungoji wiki. Paka ambaye mdomo wake tayari unauma asianze kusuguliwa, atibiwe kwanza. Chakula kikavu cha kawaida hakisafishi meno, maana punje hupasuka jino likiigusa tu. Vipo vilivyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, na baraza la afya ya kinywa cha wanyama lililoanzishwa Marekani mwaka 1997 hutoa alama yake kwa bidhaa zilizothibitishwa, kwa hiyo tafuteni alama hiyo kabla ya kutoa pesa zenu.

Nilikusudia kuzungumza kwa urefu juu ya uvimbe mkali wa kinywa kizima, ule unaofika hadi nyuma kabisa karibu na koo, ambao mara nyingi huambatana na virusi, hasa vile viitwavyo kalisi. Nitasema hili tu: paka hao huumia mno, sindano za steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, zinazorudiwa kila mwezi huficha tatizo na kuleta jingine, na tiba inayowasaidia wengi wao, japo si wote, ni kung'oa meno ya nyuma yote au meno yote kabisa. Mwenye paka wa namna hiyo ninamwomba anyooshe mkono sasa, tuanze maswali na yeye.