Mashine ya Kahawa ya Kapsuli Jikoni Mombasa

MWANAISHA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia mashine ndogo ya kahawa ya kapsuli, ile inayotoa kikombe kimoja kwa wakati, ambayo huletwa sana na jamaa zetu warudipo kutoka Ghuba na Ulaya. Ndugu Athman, wewe umeitumia nyumbani kwako. Tueleze kwanza inavyofanya kazi.

ATHMAN: Ahsante, dada Mwanaisha. Siri yake ni shinikizo. Kapsuli ya alumini hubeba takriban gramu 5 za kahawa iliyosagwa, nayo hufungwa barabara isiingie hewa, ndiyo maana harufu hudumu. Ukishusha mpini, sindano hutoboa upande wa nyuma, maji ya moto huingia kwa nguvu ya pampu, na kifuniko chembamba cha mbele hututumka hadi kikapasukia kwenye bamba lenye meno, kahawa ikaanza kuchuruzika. Mashine nyingi huandikwa bari 19, bari ikiwa kipimo cha shinikizo, lakini espreso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, huhitaji bari 9 hivi, kwa hiyo mnunuzi asiongeze fedha kwa ajili ya tarakimu hiyo.

MWANAISHA: Mfumo wenyewe si mpya. Eric Favre, mhandisi wa Uswisi aliyefanya kazi Nestlé, aliubuni katika miaka ya 1970, na Nespresso, chapa ya Nestlé ya mashine na kapsuli hizi, ikaingia sokoni mwaka 1986. Swali langu ni ladha. Sisi tumekuzwa kwa kahawa chungu ya dele, iliyochemka juu ya makaa na kunywewa kwa kashata au tende. Je, hii inaifikia?

ATHMAN: Mimi sizishindanishi. Kahawa ya dele huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi kwa tangawizi, na uchungu wake ndio tunaoutafuta. Mashine hutoa mililita 40 za kahawa nzito yenye povu la hudhurungi, na ubora wake wote uko katika kipimo hicho. Mtu akibonyeza tena kitufe kwa kapsuli iliyokwisha kutumika, au akalazimisha kapsuli ya kikombe kifupi itoe mililita 110, maji yanayozidi hukamua uchungu mkavu usio na harufu yoyote. Anayependa kikombe kikubwa atoe kahawa fupi, kisha aongeze maji ya moto kutoka kwenye birika.

MWANAISHA: Kinachonikera mimi ni biashara yake. Nyeri na Kirinyaga wanalima arabika ambayo wachanganyaji wa kahawa duniani huitafuta kwa ukali wake unaofanana na wa ndimu, halafu sisi tunanunua kapsuli iliyojazwa Ulaya, kwa bei ambayo ukiipima kwa kilo inatisha.

ATHMAN: Ndiyo maana naitetea kapsuli ya chuma cha pua, inayojazwa upya. Kilo moja ya kahawa hujaza kapsuli 200 hivi, na unachagua mwenyewe kahawa ya shamba gani na iliyokaangwa lini.

MWANAISHA: Waeleze wasikilizaji unavyoijaza, maana nilikutazama kwa makini na nikaona kazi yote iko katika usagaji.

ATHMAN: Ni kweli. Unga ukiwa laini mno, pampu huguna na kahawa hudondoka tone kwa tone, pengine isitoke kabisa. Ukiwa na chembe kubwa, maji hupita mbio na kikombe huwa chepesi, hakina povu. Najaza hadi ukingoni, nabonyeza kidogo kwa mgongo wa kijiko, kisha napangusa mdomo wa kapsuli kwa kidole, kwa sababu chembe chache tu zikibaki pale, kifuniko hakikazi na maji hupenya pembeni.

MWANAISHA: Na taka nazo zinapungua. Mji wa Hamburg, Ujerumani, uliamua mwaka 2016 kwamba fedha za umma zisinunue kahawa ya kapsuli katika ofisi zake. Alumini huweza kuyeyushwa na kutumika tena, lakini kwanza lazima machicha yatolewe na pawepo mtu wa kuikusanya. Katika mitaa mingi ya kwetu hayupo, na katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, jambo hili si dogo.

ATHMAN: Niongeze la maji. Maji mengi ya visima vya Mombasa yamepita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa, nayo hugandamana ndani ya mashine. Tumia maji laini, na mashine ikianza kutoa kahawa polepole, pitisha dawa ya kuondolea chokaa, kisha isuuze kwa maji matupu.

MWANAISHA: Msikilizaji mmoja anauliza iwapo anunue ile ambayo shangazi yake atamletea kutoka Marekani.

ATHMAN: Amwombe asiilete. Mashine za huko hutengenezewa umeme wa volti 120, wetu ni 240, na kifaa kinachokula zaidi ya wati 1,000 huhitaji transfoma kubwa na nzito. Fedha hizo anunulie kisagio kizuri, kisha atafute mashine ya volti zetu hapa hapa.